Saa haioni kano yako

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeusoma. Maumivu ya nyuma ya kisigino yalianza wiki chache baada ya kubadilisha raba, ukapumzika wiki tatu, sasa yametulia. Programu ya simu imekupangia kilomita 8 kesho alfajiri, huku saa ya mkononi inadai uwezo wako umeporomoka. Unauliza umsikilize nani kati ya hao wawili, na kama nusu marathoni ya Moshi mwishoni mwa Februari bado inawezekana.

Usimsikilize yeyote. Kilomita 8 za kesho achana nazo.

Saa inajua mwendo wako na mapigo ya moyo, basi. Zile taa ndogo za kijani mgongoni mwake humulika ngozi. Damu hufyonza mwanga huo, na kila moyo unapodunda kiasi kinachorudi kwenye kihisi hubadilika. Kisha inalinganisha mapigo na kasi. Moyo ukidunda zaidi kwa kasi ileile, inaamua kwamba umedhoofika. Haijui kwamba umekimbia Dar saa tatu asubuhi, hewa imejaa unyevu na jua limeshakolea, na joto peke yake hupandisha mapigo. Isitoshe, mtu akipumzika, maji ya kwenye damu hupungua ndani ya siku chache tu, kwa hiyo moyo hulazimika kudunda mara nyingi zaidi. Hayo hurudi upesi ukianza tena. Namba kushuka baada ya wiki tatu ni jambo la kawaida kabisa.

Hata mapigo yenyewe yahakiki. Ukiona 175 na bado unaweza kuongea sentensi nzima bila kuhema, mkanda umelegea na kihisi kinahesabu mtikisiko wa hatua zako, maana hatua za wakimbiaji wengi ziko hapohapo, 160 hadi 180 kwa dakika. Ipandishe saa vidole viwili juu ya kifundo cha mkono na uikaze. Mkanda wa kifuani husoma umeme wa moyo na ni sahihi zaidi, ila ulowanishe sehemu zinazogusa ngozi kabla ya kuuvaa. Na zile hatua 10,000 unazozimalizia usiku kwa kuzunguka sebuleni hazikutoka hospitali. Zilivuma kutokana na kifaa cha kuhesabia hatua kilichouzwa Japani mwaka 1965.

Sasa kano, ile kamba inayounganisha msuli wa kigimbi na mfupa wa kisigino. Moyo na mapafu hurudi kwa wiki, kano huhitaji miezi, na hapo ndipo wakimbiaji wengi huumia mara ya pili: pumzi ipo, kano haipo tayari, na saa inawapongeza. Kupumzika kumeondoa maumivu lakini hakujaiongezea kano nguvu hata kidogo. Inaimarika kwa kubebeshwa mzigo, taratibu.

Kwanza bana kwa vidole ujue panapouma. Ikiwa ni sentimita 2 hadi 6 juu ya mfupa wa kisigino, fanya zoezi kwenye ngazi. Ikiwa ni pale kano inaposhikana na mfupa, lifanye sakafuni, kisigino kisishuke chini ya usawa wa vidole, kwa sababu kikishuka kano hubanwa kwenye mfupa na utazidi kuumia.

Simama ukingoni mwa ngazi kwa sehemu ya mbele ya nyayo, shika ukuta. Panda kwa miguu yote miwili, hamishia uzito kwenye mguu mbovu, kisha shuka nao peke yake polepole, ukihesabu hadi tatu. Mara 15, seti 3 goti limenyooka, seti 3 nyingine goti limekunjwa kidogo ili msuli wa ndani wa kigimbi nao ufanye kazi. Asubuhi na jioni, kila siku, wiki 12. Utaratibu huu ulichapishwa na Håkan Alfredson wa Sweden mwaka 1998 na bado unatumika. Zoezi likiwa jepesi, vaa begi la mgongoni lenye chupa za maji za lita 1.5, kila chupa ni kilo moja na nusu. Wengi hukosea kwa kuporomoka badala ya kushuka, au huacha wiki ya tatu kwa kuwa maumivu yameisha.

Kuuma kidogo wakati wa zoezi kunaruhusiwa. Ukiyapima maumivu kutoka 0 hadi 10, usivuke 5, na kesho yake yawe yamerudi yalipokuwa. Kipimo chako ni zile hatua za kwanza kutoka kitandani kwenda bafuni. Mguu ukikaza kuliko jana, ulizidisha, punguza. Andika kwenye daftari, maana hakuna kifaa kitakachokuandikia hilo.

Kukimbia kutarudi utakapoweza kutembea haraka dakika 40 bila maumivu na kuinuka kwa vidole vya mguu mmoja mara 20. Anza kukimbia dakika 1, kutembea 2, mara 8, sehemu tambarare, siku moja ndiyo siku moja hapana. Ongeza dakika kwanza, kasi baadaye, milima mwisho kabisa, kwa sababu kupanda huinyoosha kano kila hatua, na njia ya Moshi ina ule mpando wa kuelekea Mweka. Mpango wa kwenye simu usimamishe, maana ukiuacha utaendelea kukudai. Mwisho wa Januari kama unakimbia kilomita 15 mfululizo na asubuhi mguu haukazi, nenda kwenye 21. La sivyo jiandikishe zile kilomita 5 na usione haya.

Raba mpya si mbovu. Ya zamani kisigino kilikuwa milimita 10 juu ya vidole, hii ni 4. Hizo 6 zilizopungua kano yako imezilipa kila hatua, kama mara 2,500 kwa kila mguu ndani ya nusu saa. Weka kipande cha kuinua kisigino cha karibu sentimita 1 ndani ya raba zote mbili, usiweke moja tu ukaenda upande, na uzoee mpya kwa kuivaa matembezini. Ukienda soko la mitumba la Karume kutafuta nyingine, usiangalie soli ya chini tu. Bonyeza povu la pembeni kwa dole gumba. Likiwa gumu au lina mikunjo mingi ya kulala, limekwisha hata kama raba inang'aa. Iweke mezani uitazame kwa nyuma: ikiegemea upande, iache. Zile nene zenye bamba la kaboni, ambazo tangu 2020 World Athletics, shirikisho la riadha duniani, imeziwekea kikomo cha unene wa soli cha milimita 40, kwa sasa si zako.

Kuna swali moja ninalotaka lijibiwe leo, kabla hujagusa ngazi. Miezi hii ya karibuni umemeza siprofloksasini, ya taifodi au ya mkojo? Dawa za kundi hilo zinaweza kudhoofisha kano, na hatari huweza kubaki hata miezi kadhaa baada ya kumaliza dozi. Kama bado unaimeza, iache na umwone daktari leoleo. Mweleze kuhusu kisigino akubadilishie. Na ukisikia kitu kimekatika kwa nyuma kana kwamba umepigwa teke, ukashindwa kusimamia vidole, ni hospitali siku hiyohiyo, hata kama maumivu ni madogo.

Mama yako