HDR usianzie ufukweni

Picha yako ya kwanza ya HDR, yaani picha kadhaa za mwanga tofauti zilizounganishwa kuwa moja, usiipige ufukweni jua likizama. Najua ndiko wengi tunakokimbilia, lakini pale mawimbi hayatulii na mashua haikungoji, wakati HDR inataka picha kadhaa za kitu kilekile kilichotulia. Mpiga picha Mfaransa Gustave Le Gray aliiweza bahari miaka ya 1850 kwa kuchapa maji kutoka negativu moja na anga kutoka nyingine, ila yule alikuwa bingwa. Wewe tafuta jengo.

Mimi nilijifunzia Kilwa Kisiwani, ndani ya Msikiti Mkuu. Ni magofu ya mawe ya matumbawe. Upande wa kusini bado una kuba, ule wa zamani wa kaskazini hauna paa. Ukiwa chini ya kuba mchana, macho yanaona nguzo na jua la nje kwa pamoja. Kamera haiwezi. Ukipima mwanga kwenye nguzo, nje kunaungua, kunabaki kweupe pee. Ukiupima nje, nguzo zinakuwa nyeusi kama masizi. Hapo HDR ina kazi. Siku ya mawingu, picha moja ikitosha, utajichosha bure.

Niliweka kamera kwenye stendi, ISO (wepesi wa kamera kunasa mwanga) 100, tundu la lenzi f/8, na fokasi nikaiacha ya mkono isihame. Nikapiga tatu: sekunde 1/30, kisha 1/125, kisha 1/8. Ya pili inapata robo ya mwanga wa ile ya kwanza, ya tatu mara nne yake. Kinachobadilika ni muda tu. Ukigusa f, sehemu iliyo kali kwenye picha nayo inabadilika. Kamera nyingi hupiga tatu hizo zenyewe: tafuta AEB kwenye menyu, weka stopu mbili juu na mbili chini (kila stopu ni mwanga mara mbili au nusu yake), na utumie taima ya sekunde 2 ili kidole kisiitikise. Piga RAW, yaani faili ghafi ya kamera.

Kabla hujakunja stendi, tazama histogramu, ule mchoro wa mwanga wenye giza kushoto na weupe kulia. Ile picha yenye giza zaidi isirundikane ukingo wa kulia, na ile angavu zaidi isirundikane wa kushoto. Ikirundikana, ongeza ya nne.

Kuunganisha picha hizo, programu ya Lightroom huweza, na Luminance HDR ni ya bure. Majani yakitikiswa na upepo yatatokea mara mbili mbili. Programu zina namna ya kuyasafisha, ila mimi husubiri upepo upoe.

Sasa kwenye kurekebisha ndipo wanaoanza wanapolewa. Wanainua vivuli vyote, wanavuta ukali na rangi hadi mwisho, anga linageuka zambarau na kila nguzo inavaa ukungu mweupe pembeni. Picha za namna hiyo zimejaa mitandaoni, na mimi sizipendi. Huinua vivuli hadi nione mawe, kisha nateremsha karibu nusu. Kona yenye giza iache na giza lake. Kuba zile ukiziangaza zote zinakuwa bapa, huoni tena kwamba zimeinama juu yako.

Mwenye simu tu naye asikae pembeni. Simu nyingi za sasa hupiga mfululizo na kuuunganisha zenyewe. Gusa sehemu angavu kwenye skrini, teremsha mwanga kidogo, bana viwiko mbavuni, na usisogee mpaka simu imalize.