Mama amebadilika ghafla: ni kusahau tu?

SWALI: Mama ana miaka 78. Ana demensia, ugonjwa wa kusahau, huu mwaka wa nne, ana presha, na kisukari chake ni cha kuchoma insulini. Tangu juzi anasinzia mchana kutwa, usiku anaweweseka na kuvutavuta shuka. Chakula anakionja tu. Ndugu wanasema kusahau kumezidi, tumwache apumzike. Na insulini, tuendelee vilevile?
Binti anayeuguza

JIBU: Pole kwa kuuguza, dada. Demensia huenda polepole, kwa miezi na miaka. Mgonjwa akibadilika ndani ya siku mbili, kuna jambo jingine mwilini mpaka daktari athibitishe kuwa halipo. Mama aonwe leo. Huo usingizi usiwatulize: mgonjwa aliyenyamaza ndiye huchelewa kutibiwa, kwa kuwa hasumbui mtu.

Kabla ya kutoka, mpime sukari. Ikiwa chini ya milimoli 3.9 (kwa mashine nyingine, miligramu 70) na anameza vizuri, mkalishe wima umpe vijiko 4 vya chai vya sukari kwenye nusu glasi ya maji. Pima tena baada ya dakika 15. Ikiwa bado iko chini, rudia. Ikipanda, apate chakula. Asiyejitambua asitiwe kitu mdomoni: mlaze ubavu, mkimbizeni hospitali. Sukari iliyopanda mno nayo husinzisha.

Kwenye insulini ndiko wengi huteleza. Sindano inachomwa saa ileile ya kila siku, kisha mgonjwa anakataa kula. Sukari inashuka, naye hawezi kusema “natetemeka”, kwa hiyo watu wanaona ukaidi tu. Ile insulini ya mlo muulizeni daktari kama mnaweza kuichoma baada ya kula, kwa kadiri alivyokula. Ile ya kutwa, inayofanya kazi siku nzima, msiikate wenyewe, maana maambukizi hupandisha sukari hata kwa asiyekula. Kipimo cha insulini akibadilishe daktari. Sukari ikiwa imeshuka, msichome chochote kabla ya kuipandisha na kuzungumza na daktari.

Daktari atataka kujua amekojoa mara ngapi, mkojo una rangi gani, choo kikubwa alipata lini, na kama ana homa au kikohozi. Mvue soksi, mwangalie visigino na makalio kama kuna kidonda. Bebeni dawa zake zote kwenye mfuko mmoja, hata vidonge vya mafua: klorofeniramini na promethazini huvuruga sana akili ya mgonjwa wa demensia.

SWALI: Baba ana demensia na saratani, na hasemi tena. Nitajuaje kama anaumia?

JIBU: Mtazame unapomgeuza au kumwogesha, si akiwa ametulia tu. Angalia mambo matano: pumzi, sauti (kuguna, kulia), uso uliokunjamana, mwili uliokakamaa au ngumi iliyofumbwa, na kama anabembelezeka. Andika unachoona, na saa. Dawa ya maumivu aliyoandikiwa kwa saa maalumu mpe kwa saa, usingoje dalili. Akianzishiwa mofini, dawa kali ya maumivu, ombeni na dawa ya kulainisha choo siku hiyohiyo, kwani mofini hufunga choo, na tumbo lililofunga nalo humfanya aweweseke. Vidonge vya kutoa dawa polepole usivisage: dozi ya saa 12 itamwingia kwa mkupuo. Akishindwa kumeza, ulizia ya maji.