Kaza shene, au vuta mnyororo?

SWALI: Mwalimu, naandikia motari (waendesha pikipiki) wa kituo chetu hapa Goma karatasi ya kuwaonyesha namna ya kukaza shene ya moto (pikipiki) nyumbani. Nimeandika: «Legeza gurudumu, kaza shene, nyoosha gurudumu, kisha kaza gurudumu.» Mwenzangu anasema sentensi hiyo inajipinga, tena «shene» si Kiswahili. Nani kakosea?

JIBU: Kwa «shene» mwenzako amekuonea. Sisi tumeipata kwa Kifaransa. Watu wa Dar es Salaam na Nairobi wanasema «cheni» kutoka Kiingereza, na Kiingereza chenyewe kiliitoa kwa Kifaransa cha zamani. Ni neno moja lililoingia kwa milango miwili. Kiswahili bora kina «mnyororo», nalo litaeleweka Goma, Bujumbura na Kigoma. Chagua moja, kisha ulinde upatanisho wake: mnyororo umelegea, shene imelegea. «Mnyororo imelegea» ndiyo inayokera.

Na kwa kuwa umeandika «moto», uangalie hapo pia. «Moto imewaka» ni pikipiki iliyokubali kuwaka. «Moto umewaka» ni wa kuzima kwa maji. Herufi moja tu, na mtu wa Goma anaisikia tofauti hiyo bila kufundishwa.

Penye shida ya kweli ni «kaza», na hapo mwenzako ana hoja. Kitenzi hiki kinabeba kazi mbili. Nati hukazwa isifunguke. Kamba hukazwa isining'inie. Kwenye gurudumu la nyuma kazi zote mbili zinakutana, tena ya kwanza lazima itenguliwe ili ya pili ifanyike: hukazi mnyororo kabla ya kulegeza nati ya ekseli, chuma kinachopita katikati ya gurudumu. Msomaji mgeni akikuta «legeza» na «kaza» mara mbili bila kuambiwa kipi, atashika ufunguo (spana) asijue pa kuuweka. Halafu hakuna anayekaza gurudumu. Kinachokazwa ni nati.

Kuna na sababu ya pili, ambayo kwangu ndiyo nzito. «Kaza» haina kipimo. Ukimwambia kijana akaze, atakaza mpaka nguvu zimwishie, na kwa nati ya ekseli hilo karibu ni sawa. Kwa mnyororo ni hasara. Abiria wawili wakipanda na gunia la makala (makaa) juu yake, sehemu ya nyuma inashuka, na umbali kati ya pinyo (gia ndogo ya mbele inayovuta mnyororo) na kurone (gia kubwa ya gurudumu la nyuma) unaongezeka. Mnyororo uliokazwa kama waya wakati moto ilikuwa tupu hauna tena pa kupumulia. Unachosha beringi za gurudumu na ya shafti inayobeba pinyo, na wenyewe unarefuka upesi. Uliolegea kupita kiasi nao unaruka meno, na ukitoka unaweza kufunga gurudumu ukiwa mbioni. Kwa hiyo «kaza» iachie nati, na kwa mnyororo useme «vuta», kwani ndicho kinachotendeka: gurudumu linavutwa nyuma kidogo kidogo.

Kipimo chenyewe tayari kina kitenzi chake, nacho ni «kucheza», kama jino linavyocheza. Mnyororo unacheza milimita 25: maana yake, ukishika upande wa chini katikati ya pinyo na kurone, ukausukuma juu na kuushusha, kutoka mwisho wa juu hadi mwisho wa chini ni milimita 25. Moto nyingi ndogo zinataka kati ya 20 na 30, lakini namba ya kufuata ni ile ya kitabu au kibandiko cha moto yako. Ila usiandike «gurudumu linacheza» ukitaka kusema mnyororo. Mnyororo lazima ucheze. Gurudumu likicheza kushoto na kulia, beringi zimekwisha au nati haikukazwa.

Sasa «nyoosha gurudumu». Kunyoosha ni kwa kilichopinda: rimu iliyogonga jiwe la volkano, waya, msumari. Gurudumu unalolizungumzia wewe halijapinda, limekaa kombo kwa sababu upande mmoja umevutwa kuliko mwingine. Hilo hulinganishwa. «Sawazisha» ningeliepuka, kwani mafundi wengi hulitumia kwa kuweka vyuma vidogo vya uzito kwenye rimu. Dalili ya ukombo ni meno ya kurone yaliyolika ubavu mmoja.

Karatasi yako ningeiandika hivi:

«Zungusha gurudumu polepole, utafute mahali mnyororo unapocheza kidogo kuliko kwingine, pimia hapo. Legeza nati ya ekseli bila kuitoa. Kama breki ni ya ngoma, legeza pia nati ya chuma kinachoizuia isizunguke. Kila upande wa ekseli kuna nati ndogo ya kuvuta: zungusha ya kulia robo mzunguko, ya kushoto robo vilevile, upime tena, mpaka ufike kipimo. Linganisha alama: ekseli isimame kwenye mstari uleule kulia na kushoto. Kaza nati ya ekseli, kisha pima mara nyingine, maana kukaza kunaweza kusogeza gurudumu.»

Neno «vilevile» hapo usilifute. Watu wanavuta upande ulio karibu na mkono, wanaona mnyororo umefika kipimo, wanakaza, na moto inaanza kukimbilia pembeni. Na mwishoni ongeza mstari mmoja ambao karatasi yako haikuwa nao: «Kama breki ni ya ngoma, gurudumu likirudi nyuma fimbo ya breki inavutwa; legeza nati ya fimbo mpaka gurudumu lizunguke bila kukwaruza, kisha kanyaga pedali uone kama breki inashika.» Hiyo «legeza» haina utata, kwa sababu umesema ni nati gani.