Barua kwa mwanangu: nyanya yako hakuendaka popote

Mwanangu,

Mesaji yako nimeisoma mara tatu, ya tatu maharagi ikaungua juu ya makala, basi ujue umekula chakula yangu hata ukiwa mbali. Umeniuliza: "Mama, profesa ametufundisha juu ya bashamani ba Siberia nikafikiria nyanya, je nyanya alikuwaka shamani ao mulozi vile batu ba kartye balisemaka?"

Tuanze na mulozi juu ile njo iliniuma. Mulozi anakula batu usiku, anafanya kwa siri, hakuna mutu anamubebea mugonjwa mchana kweupe. Kwa nyanya mulango haikufungwaka. Na ule mama wa sala mwenye alimuita mulozi, jina tuache, alikujaka kwetu giza giza siku mutoto wake alishikwa na degedege. Haya, yaishe.

Shamani sasa. Neno lenyewe ni ya Baevenki kule Siberia, banasema shamani anapiga ngoma, ngoma inakuwa kama farasi yake, roho inatoka inasafiri mpaka kwenye bazimu biko inatafuta roho ya mugonjwa inairudisha, ndipo Basovieti bakaja kubanyang'anya zile ngoma miaka ya 1930. Nyanya yako hakuendaka popote! Alikaa. Bazimu bo njo balikuwa banakuja kwake. Sikia neno yetu, kubandwa, ni kuingiliwa na muzimu, ni kitu unafanyiwa, karibu na vile tunasema nimebanwa.

Nilikuwa na miaka tisa, Kibumba karibu na Goma, chini ya umurinzi, ule muti wa maua mekundu. Batu bamejipaka udongo mweupe, kibuyu chenye mbegu kinalia, mara nyanya akageuka sauti, sauti ya mwanaume, akasema "wewe kadogo, leta pombe." Nikaleta kasiksi mikono inatetemeka. Akakunywa, akaniangalia kama hanijui. Kesho yake asubuhi anachambua maharagi, ananigombeza juu niliacha mbuzi ikaingia shambani, ni yeye kabisa.

Kwa nini ule muti? Juu ya Lyangombe, mukubwa wa bale bazimu ba kubandwa. Alikuwa muwindaji, mama yake akamukataza kwenda kuwinda, akaenda tu (bana bote ni bamoja, hata wewe), nyati ikamutoboa ikamurusha, akafia penye ule muti. Mbele ya kufa akasema batu bake bamukumbuke. Sasa mutu akiingizwa kwa kubandwa anapata baba na mama ndani ya ile mambo, anakuwa wa jamaa. Na jamaa tunajuana vile inaendaka, unabapa pombe, unabaita, basipokuja unabagombeza. Mara moja nilisikia nyanya anagombeza muzimu wa baba yake kama vile mutu anagombeza mukubwa mulevi, "nimekupa mara mbili, mutoto bado ana homa, unalala?" Hiyo kwangu siyo ibada. Ni ujamaa, na madeni yake. Mapadri balikataza sana, na nyanya alikuwa amebatizwa, jumapili anaenda misa na rozari mukononi, hakuona shida, mimi niliona, nilikuwa na haya mbele ya banafunzi benzangu. Leo ile haya njo inanisumbua.

Kutoka Kibumba unaona milima yote mbili. Karisimbi, metre 4507, asubuhi zingine juu inakuwa nyeupe, huko njo bale baliobandwa banaenda kukaa na Lyangombe. Benye hawakubandwa bao ni Nyiragongo, ndani ya moto.

Tarehe 17 mwezi wa kwanza 2002 lava ya Nyiragongo ilipopita katikati ya mji wa Goma mpaka ziwani, wewe uko mugongoni kwangu, tuko tunakimbilia Gisenyi kule Rwanda na godoro moja. Nyanya akasimama kabisa, nikamuvuta, akagoma. Anaangalia ule moto unashuka, batu banalia, yeye akasema pole pole: "Benye hawakuitwa, leo banatafuta maji." Sikumujibu. Nilikuwa nahesabu batoto.

Kwa hiyo kwa kazi yako ya masomo andika imandwa, njo mutu mwenye alibandwa, usiandike shamani. Uogope? Mimi siogopi, ila usiku sisemi majina ya bale bazimu, hiyo ni tabia tu.

Kile kibuyu kiko chini ya kitanda yangu, padri hajui. Mbegu zingine zimetoka, ukikitikisa kinalia kidogo tu.

Mama yako