Jina la Mbung'o Linasomwa Miguuni Mwake

Mwaka wangu wa kwanza wa kukagua mitego ya mbung'o, ile ya vitambaa vya buluu na vyeusi inayosimikwa porini, nilijaza daftari zima kwa mwandiko mzuri na makosa mengi. Spishi moja, Glossina pallidipes, niliiandika kwa tahajia tatu: pallidipes, pallipides na palidipes. Takwimu zilipoingizwa kwenye kompyuta, programu ilihesabu spishi tatu, ikatubidi kupitia upya lebo moja baada ya nyingine. Tangu hapo nawasihi wanaoanza kazi hii wasikariri jina kabla ya kuuliza maana yake.

Pallidipes ni Kilatini, yaani "mwenye miguu iliyopauka". Chukua lenzi ya mkono utazame pingili za mwisho za miguu ya mbele na ya kati: kwa pallidipes hazina weusi, ilhali kwa Glossina morsitans pingili mbili za mwisho ni nyeusi wazi. Miguu ya nyuma isikupoteze, kwa kuwa hiyo ina weusi kwa wote wawili. Ukishajua kwamba pallidus ni kupauka na pes ni mguu, mkono wenyewe utakataa kuandika pallipides.

Kabla ya hapo, lakini, hakikisha kwamba uliyemshika ni mbung'o kweli. Anayewachanganya wengi ni Stomoxys calcitrans, nzi anayesumbua ng'ombe zizini, ambaye naye hunyonya damu na mdomo wake umechomoza mbele. Mbung'o akitua hulaza bawa moja juu ya jingine kama mkasi uliofungwa, na Stomoxys huyaacha mabawa yakiwa yametengana. Nzi aliyekauka mtegoni hakuonyeshi hilo. Kwa huyo tazama katikati ya bawa, ambako vishipa vya mbung'o huzunguka sehemu yenye umbo la shoka, alama ambayo nzi wengine hawana. Stomoxys, kwa njia, huandikwa kwa y, kwa sababu limetokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya mdomo na ukali.

Majina yaliyotokana na watu yanahitaji uangalifu wa namna nyingine, kwa sababu hapo mwili wa nzi hautakusaidia. Glossina swynnertoni, wa kaskazini mwa Tanzania na kusini magharibi mwa Kenya, alipewa jina la Swynnerton, aliyeongoza utafiti wa mbung'o Tanganyika, kwa hiyo n mbili hazipunguzwi. Glossina austeni, ambaye wa mwisho wake Unguja alinaswa mwaka 1996 baada ya madume tasa kuachiliwa kwa wingi, huandikwa kwa a ndogo ingawa Austen alikuwa mtu.

Mabano nayo si pambo. Baada ya jina la spishi huandikwa jina la mtaalamu aliyeieleza kwanza, na mwaka. Tunaandika Glossina pallidipes Austen, 1903 bila mabano, kwa kuwa spishi imebaki katika jenasi (kundi la spishi za karibu, lile neno la kwanza la jina) aliyoiweka Austen mwenyewe. Tunaandika Stomoxys calcitrans (Linnaeus, 1758) kwa mabano, kwa kuwa Linnaeus aliiweka kwanza katika jenasi Conops.

Na kwenye lebo usifupishe jenasi kuwa G. peke yake. Gasterophilus, nzi ambao mabuu wao huishi tumboni mwa farasi na punda, nao huanza kwa herufi hiyohiyo, na atakayefungua sanduku lako miaka ishirini baadaye hatakuwa na wa kumuuliza.