Maswali ya Wasomaji: Nodi ya Bitcoin Nyumbani na Uhuru wa Kusema

SWALI: Ndugu mhariri, husikia watu wakisema kuendesha nodi ya Bitcoin ni kulinda uhuru wa kusema. Mimi naona fedha tu, maneno siyaoni. Vinahusianaje? *Msomaji, Dodoma*

JIBU: Kusema kuna gharama, ndugu yetu. Kuna kodi ya seva, nauli ya mwandishi, ada ya wakili. Anayetaka kumnyamazisha mtu hahitaji kumkamata. Akimfungia akaunti, inatosha. Desemba 2010 Visa, MasterCard, PayPal, Western Union na Bank of America waliwafungia WikiLeaks, tovuti ya kufichua nyaraka za siri, milango ya michango, na hakuna mahakama iliyokuwa imewatia hatiani. Juni 2011 WikiLeaks wakaanza kupokea Bitcoin. Nigeria nako, Oktoba 2020, kikundi cha wanawake cha Feminist Coalition kilikuwa kikichangisha fedha za mawakili na matibabu ya waandamanaji wa EndSARS, waliopinga ukatili wa polisi. Njia zao za benki zilipozibwa, nao wakahamia Bitcoin.

Muamala wa Bitcoin hupita kwa sababu maelfu ya kompyuta ziitwazo nodi, kila moja kivyake, hukagua mambo yale yale: sahihi ni halali, sarafu haijatumika mara mbili, bloku (fungu la miamala) haijazidi kipimo. Hakuna makao makuu ya kupigiwa simu. Nodi yako ni mkaguzi mmojawapo. Haikupi kipaza sauti, bali inakupa uwezo wa kukataa. Mwaka 2017 makampuni makubwa na wachimbaji wengi (wenye mashine zinazotengeneza bloku) walikubaliana kuongeza ukubwa wa bloku kwa mpango ulioitwa SegWit2x. Wenye nodi wengi hawakuutaka, nao ukaachwa tarehe 8 Novemba mwaka huo huo. Ndiyo maana tunahimiza watu wawe na nodi, hata asiye na senti moja ya Bitcoin.

Jambo moja tu usilisahau: daftari la Bitcoin, yaani orodha ya miamala yote, liko wazi kwa kila mtu. Nodi haifuti nyayo za mtu aliyekwisha kutangaza anwani yake.

SWALI: Nina Raspberry Pi 4 ya RAM gigabaiti 4 na diski ya nje ya terabaiti 1, ile ya sahani zinazozunguka. Siku mbili za kwanza ilipakua daftari kwa kasi, sasa inatambaa kama kobe. Kosa liko wapi? *Msomaji, Nakuru*

JIBU: Kosa ni diski. Bloku za miaka ya mwanzo ni ndogo sana, kwa hiyo kasi ya siku za mwanzo hudanganya kila mtu. Ukifika miaka yenye miamala mingi, kwa kila muamala programu inabidi iitafute sarafu inayotumika ndani ya folda ya `chainstate`, ambayo sasa imezidi gigabaiti 10. Haienei kwenye RAM yako. Kichwa cha kusomea cha diski hiyo kinarukaruka huku na huko maelfu ya mara, na kila mruko una muda wake. SSD, diski ya chipu, haina kichwa cha kurukaruka.

Nunua SSD ya terabaiti 2. Daftari zima limepita gigabaiti 600 na kila mwaka huongezeka kwa makumi ya gigabaiti, kwa hiyo terabaiti 1 itakubana mapema. Katika `bitcoin.conf` andika `dbcache=1500`, yaani megabaiti za RAM za kushikia hesabu hiyo, wakati wa kupakua mara ya kwanza (mwenye RAM ya gigabaiti 8 anaweza kuweka 4000), kisha uufute mstari huo ukimaliza. Ujue na hasara yake: umeme ukikatika kabla kumbukumbu hiyo haijaandikwa diskini, kazi iliyokuwa humo hurudiwa.

Kagua na chaja. Pi 4 inataka volti 5.1 na ampea 3, na SSD inayonyonya umeme kupitia USB huongeza mzigo. Chaja ya simu ikizidiwa, diski hujizima katikati ya kuandika na data huharibika. Andika `vcgencmd get_throttled`. Jibu likiwa `0x0` umeme unatosha, likiwa lingine huenda umeme ni mdogo au mashine imepata joto, basi jaribu chaja nyingine kabla ya kulaumu programu. Data yote ikae kwenye SSD, kwani kadi ya kumbukumbu hufa haraka kwa kuandikwa mfululizo.

Kama kuna laptopu ya zamani nyumbani yenye RAM ya gigabaiti 8, tungeanza na hiyo. Betri yake, hata ikishika dakika 20 tu, inakupa nafasi ya kuandika `bitcoin-cli stop` umeme ukikatika.

SWALI: Natumia bando la simu. Gigabaiti 600 nitazitoa wapi? *Msomaji, Mbeya*

JIBU: Usizipakue kwa bando. Mtafute mtu mwenye nodi kamili na umpelekee SSD yako. Azime nodi yake kwanza kwa `bitcoin-cli stop`, asubiri programu ifunge kabisa, ndipo anakili folda ya `blocks` yote. Usichukue `chainstate` yake. Hiyo ni hesabu aliyokwisha kuifanya yeye, na ukiichukua unamwamini yeye badala ya kujikagulia. Ndani ya `blocks` kuna faili dogo liitwalo `xor.dat`, lisiachwe. Tangu toleo la 28 la Bitcoin Core, programu kuu ya kuendesha nodi, nodi mpya huhifadhi faili za bloku zikiwa zimechanganywa kwa ufunguo ulio humo, ili programu za kuzuia virusi zisizifungie kwa makosa. Bila `xor.dat` hazisomeki.

Ukifika nyumbani washa nodi mara moja tu kwa `bitcoind -reindex`. Itasoma bloku zote kutoka diskini na kujenga hesabu upya kwa kanuni zako. Huchukua siku kadhaa kwenye mashine ndogo, lakini bando haliguswi ila kwa bloku za karibuni. Usiiweke `reindex` ndani ya `bitcoin.conf`, la sivyo kazi itaanza upya kila unapowasha.

Programu yenyewe pakua kutoka bitcoincore.org pamoja na faili za `SHA256SUMS` na `SHA256SUMS.asc`. Andika `sha256sum --ignore-missing --check SHA256SUMS`, kisha `gpg --verify SHA256SUMS.asc` ukiwa umeingiza funguo za watengenezaji. Hatua hii watu huiruka, nayo ndiyo inayozuia kuletewa programu ya bandia.

Baada ya hapo, bloku peke yake ni kama megabaiti 200 hadi 300 kwa siku, na kupokezana miamala kunaongeza juu yake. Bando likibana, `blocksonly=1` hupunguza sana, ila nodi itaacha kupitisha miamala ya wengine na kukadiria ada. Ukikosa nafasi ya diski weka `prune=10000`, yaani bakiza kama gigabaiti 10 za bloku. Ukaguzi ni ule ule kamili. Tatizo huja siku hesabu ikiharibika: nodi iliyopunguzwa haina bloku za kusoma upya, italazimika kupakua kila kitu tena.

SWALI: Intaneti ilipozimwa nchini tarehe 29 Oktoba 2025, nodi yangu ilikaa kimya. Sarafu zingepotea? Na kuna njia ya kutuma muamala wakati kama ule? *Msomaji, Mwanza*

JIBU: Sarafu haziko kwenye kompyuta yako, dada au kaka. Ziko kwenye daftari, na kinachozitoa ni ufunguo wa siri ulionao wewe. Nodi ilipoteza majirani tu. Kwa siku hutoka bloku zipatazo 144. Siku tano ni kama 720, gigabaiti moja na kidogo. Mtandao ukirudi, nodi hufidia yenyewe.

Wa kuogopa ni mwenye njia za malipo za Lightning, mfumo wa malipo ya haraka uliojengwa juu ya Bitcoin. Mwenzako wa upande wa pili akitangaza hesabu ya zamani inayompendelea, una muda maalumu wa kumpinga, na mara nyingi muda huo huanzia bloku 144, kama siku moja. Uganda Januari 2021 intaneti ilizimwa kwa siku kadhaa. Kongo, kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, ilikaa karibu siku 20. Kwa hiyo kabla ya uchaguzi, ama funga njia zako, ama unganisha mnara wa ulinzi, yaani seva iliyo nchi nyingine inayokuchungia na kupinga kwa niaba yako. Unapofungua njia mpya, omba muda mrefu zaidi wa kupinga.

Kutuma kunawezekana kukiwa na chochote kinachopitisha herufi. Muamala wa kawaida wa chanzo kimoja na mapokezi mawili, ukiwa umeshatiwa sahihi, ni baiti kama 222. Ukiuandika kwa tarakimu za heksa unakuwa herufi 444, nazo zinaenea katika SMS tatu. Kama SMS za nje zinapita, mtumie mtu aliye Muscat au London; yeye atazibandika mbele ya `bitcoin-cli sendrawtransaction` na kubonyeza. Hawezi kubadilisha kiasi wala anayepokea, kwani herufi moja ikiguswa sahihi inakataa. Kumbuka lakini kwamba kampuni ya simu inauona ujumbe na inamjua aliyeutuma.

Kampuni ya Blockstream nayo ilianza kurusha bloku kwa setilaiti mwaka 2017. Hiyo ni ya kupokea tu, na kabla ya kununua dishi tazama ramani yao kama eneo lako limo.

SWALI: Assalam alaykum. Watu wamegombana kuhusu Core na Knots. Wengine wanasema kuchuja miamala ya picha ni udhibiti, wengine wanasema ni usafi. Nishike lipi? *Msomaji, Mombasa*

JIBU: Waalaykum salaam. Kwa wasiofuatilia: Bitcoin Core toleo la 30, lililotoka Oktoba 2025, lilipandisha kikomo cha maandishi yanayoweza kubebwa na sehemu iitwayo OP_RETURN kutoka baiti 83 hadi 100,000 kama mpangilio wa kawaida. Waliokataa wengi wao walihamia Bitcoin Knots, inayotunzwa na Luke Dashjr, yenye vichujio vikali zaidi.

Tenganisha mambo mawili. Kuna kanuni za mtandao: bloku ikizivunja, nodi yako inaitupa. Halafu kuna utaratibu wa mlango wako: muamala upi unaupokea foleni na kuupitisha kwa jirani kabla haujaingia kwenye bloku. Ugomvi huu wa vichujio ni wa mlangoni. Hata Knots, bloku yenye picha ikishachimbwa, inaipokea na kuihifadhi.

Mwenye nyumba kuchagua anachopitisha si udhibiti. Ni haki yake, na hakuna anayezibwa mdomo maana majirani wengine wapo. Lakini kichujio hakizuii kile ambacho watu wanatarajia kizuie. Picha zilizoanza kubebwa kwa wingi ndani ya miamala mwanzoni mwa 2023 hazikutumia OP_RETURN hata kidogo. Zilipita sehemu ya sahihi, na mwenye kulipa ada nzuri humpelekea mchimbaji moja kwa moja. Hasara inabaki kwako: bloku ikija na miamala ambayo hukuipokea, nodi inabidi iiombe tena, na makadirio yako ya ada yanapotoka.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni mazoea ya orodha. Novemba 2023 ilibainika kwamba F2Pool, kundi kubwa la wachimbaji, lilikuwa likiacha miamala ya anwani zilizowekewa vikwazo na Marekani. Miamala hiyo iliingia hata hivyo, kwa kuwa nodi zilikuwa zimeshaisambaza kwa wachimbaji wengine. Nodi zote zikizoea kuchuja kwa orodha moja, leo itakuwa picha, kesho itakuwa michango ya wakili wa mwandishi aliye rumande. Ushauri wetu ni Core. Kama baiti 100,000 zinakukera, andika `datacarriersize=83`, imekwisha.

SWALI: Je, sheria inaniruhusu? Na majirani wataijua anwani yangu? *Msomaji, Morogoro*

JIBU: Benki Kuu ya Tanzania ilitoa tangazo Novemba 2019 kukataza matumizi ya sarafu hizi, kisha Sheria ya Fedha ya 2024 ikaweka kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye uhamisho wa mali za kidijitali. Nodi yenyewe hainunui wala haiuzi; ukiweka `disablewallet=1` haina hata pochi. Kenya, sheria ya 2025 ya watoa huduma za mali pepe inawahusu wafanyabiashara wanaohudumia wateja.

Kuficha anwani ya intaneti, Tor ndiyo njia, lakini Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA) iliagiza watumiaji wa VPN wajisajili. Muulize wakili kwanza kama agizo hilo linakugusa. Ukiamua, mistari ni `proxy=127.0.0.1:9050`, `listen=1`, `onlynet=onion`. Kwenye faili la `torrc` weka `ControlPort 9051` na `CookieAuthentication 1`, na mtumiaji anayeendesha bitcoind aingizwe kundi la `debian-tor`. Akisahauliwa, nodi itatoka nje lakini hakuna atakayeweza kuingia. Faida nyingine: kampuni za simu huwarundika wateja wengi chini ya anwani moja, hivyo poti 8333 haifunguki kutoka nje. Tor haijali hilo. Poti 8332, ile ya amri, usiifungue nje kamwe.

SWALI: Tangu umeme ulipokatika jana, nodi imekwama kwenye bloku ile ile na Tor haiungani. Nimewasha upya mara nne. *Msomaji, Tanga*

JIBU: Andika `date`. Pi 4 haina betri ya saa, hivyo ikizimika husahau wakati, na ikiwaka bila mtandao huendelea na saa ya zamani. Nodi hukataa bloku yoyote inayoonekana kuja zaidi ya saa mbili mbele ya saa yake; fungua `debug.log` utaona `time-too-new`. Tor nayo haikubali saa iliyopotoka, na huduma ya kurekebisha saa haipiti ndani ya Tor. Rekebisha kwa mkono: `sudo date -s` ukifuatisha tarehe na saa sahihi. Anzisha Tor upya, kisha bitcoind. Kwa kudumu, ruhusu huduma ya saa ipite mtandao wa kawaida, au funga moduli ya saa ya DS3231 yenye betri yake.