Kabla ya Kulipa Ada ya Chuo Kikuu cha Binafsi, Tazama Darasa la Mwaka wa Pili

Nimefanya kazi kwa miaka mingi katika ofisi ya udahili ya chuo kikuu cha binafsi hapa Dodoma, na jambo ambalo wazazi wengi hawaambiwi ni kwamba uamuzi wa serikali kuhusu udahili hauishii mwaka uliotangazwa. Humfuata mwanafunzi darasani hadi anapohitimu.

Kuanzia mwaka wa masomo 2016/2017, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) ilitaka mhitimu wa kidato cha sita awe amefaulu masomo mawili kwa jumla ya pointi zisizopungua 4.0. Msimu ule alikuja mzee mmoja kutoka Kongwa, mkulima wa alizeti, akiwa amekunja karatasi ya matokeo ya binti yake ndani ya mfuko wa nailoni ili isilowe. Binti alikuwa na D moja na E moja, yaani pointi 3. Mzee akaniuliza, "Mwanangu, pointi moja tu ndiyo imzuie, na ada ninayo?" Nilimweleza kuhusu njia ya stashahada, ambayo siku hizi mhitimu wake akipata wastani (GPA) wa 3.0 anaweza kuomba shahada, na hadi leo naiona kuwa njia ya heshima kabisa. Hata hivyo, kwa chuo chetu kiti kile kilibaki wazi, na havikuwa viti viwili wala vitatu.

Mwaka 2017 Tume ikazuia vyuo 19 kudahili wanafunzi wapya kwa mwaka 2017/2018, pamoja na programu 75 katika vyuo vingine 22. Sipingi hatua hiyo, kwa sababu shahada isiyo na walimu wala maabara ni wizi kwa mtoto wa maskini. Ninachosisitiza ni kwamba chuo cha umma kama Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) hulipiwa mishahara na serikali, wakati chuo cha binafsi huishi kwa ada, na sehemu kubwa ya ada hiyo hutegemea Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, ambayo huilipa moja kwa moja chuoni. Kwa hiyo vigezo vya udahili vikibadilika, au mikopo ikielekezwa kwenye fani nyingine, pengo la wanafunzi linaloanza mwaka wa kwanza hupanda nalo darasa: mwakani liko mwaka wa pili, mwaka unaofuata liko mwaka wa tatu. Wakati huo mhadhiri wa mkataba hajaongezewa muda, somo la hiari limefutwa, na mwanafunzi aliyedahiliwa kihalali analipa ada ileile.

Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, hakikisha kwanza kwamba programu yenyewe, na si chuo peke yake, ina ithibati ya Tume. Kuhusu mkopo, usipange bajeti kwa kudhani kuwa Bodi italipa kila kitu; mtoto anaweza kupangiwa sehemu tu ya ada, na fedha ya chakula, ile wanayoiita bumu, haikukusudiwa kuziba pengo hilo. Omba kuoneshwa mchanganuo wa ada ya miaka yote kwa maandishi. Kisha, na hili ndilo ninalolisisitiza zaidi, nenda chuoni siku ya masomo, si siku ya maonesho, ukaone darasa la mwaka wa pili la programu hiyohiyo, na uulize wahadhiri wangapi ni waajiriwa wa kudumu.

Nilifanya hivyo kwa mtoto wa dada yangu, katika chuo kingine. Ilikuwa Jumanne saa nne asubuhi. Ukumbi ungeweza kukalisha watu mia moja, nasi tukakuta vijana kumi na mmoja wakimsubiri mwalimu ambaye, kwa maelezo yao, hufika kila baada ya wiki mbili kutoka mkoa mwingine. Barua ya udahili tulikuwa nayo mkononi, lakini nafasi ile hatukuithibitisha.